Lebo Imesema Safi, Ndani Kuna Nyama: Uchambuzi wa Kisa cha Vifaa vya Upasuaji wa Maungio, Texas 2009

Kisa hiki ni cha kweli, kilitokea Marekani, jimbo la Texas, mwaka 2009, na waliokichunguza walishakiandika kwenye jarida la kitaalamu. Jina la hospitali, la madaktari na la kampuni iliyotengeneza vifaa nimeyaacha nje, wagonjwa ndo kabisa, maana hapa tunataka kujifunza, siyo kumsuta mtu. Kwanza nitaeleza ilivyokuwa, halafu kwenye uchambuzi ndo nitaingia kwenye mambo ya hadubini, kwa sababu wengi wetu tunaoshika vifaa kila siku hatujawahi kuoneshwa hizo mashine zinaona nini ambacho jicho halioni.

Hali ilivyokuwa

Upasuaji wenyewe ni ule wa maungio kwa kamera, goti au bega. Daktari hapasui goti lote, anatoboa vitundu viwili vitatu, kimoja anapitisha kamera, kingine anapitisha vifaa vya kazi, na muda wote maji ya chumvi yanaingia na kutoka ndani ya kiungo ili aone vizuri. Maji yanapita kwenye kanyula, yaani mrija mwembamba. Halafu kuna kifaa kinaitwa sheva, kina mpini wenye mota, mbele unachomeka wembe unaozunguka, wembe unakwangua gegedu iliyochakaa na vipande vya mfupa, na sakisheni, mashine ya kufyonza, inavivuta vyote kurudi nyuma kupitia ndani ya ule mpini. Wembe kwa kawaida unatupwa. Mpini unarudi kuoshwa, kesho unaingia kwenye goti la mtu mwingine.

Hapo pa mpini ndo pa kushika. Uchafu wote wa goti unapita ndani yake, kwenye kijia chembamba cha giza chenye kona na mahali pa kufungulia na kufungia sakisheni, wakati kwa nje mpini ni chuma kitupu kinachong'aa hata ukiupangusa kwa kitambaa tu.

Na njia ya usafi mnaijua, haina tofauti kubwa na ya kwetu. Kifaa kinatoka thieta kinaenda kwenye sinki la kuondolea uchafu mkubwa, kinasuguliwa kwa brashi, kinaoshwa kwa mashine au mkono, kinakaushwa, mtu anakitazama, kinafungwa, kinaingia kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa moto inayoua vimelea, kinatoka na tepu iliyogeuka rangi. Tepu ikigeuka kila mtu analala usingizi.

Mambo yalivyokwenda

Kati ya tarehe 22 Aprili na 7 Mei 2009, wagonjwa saba waliofanyiwa upasuaji wa aina hii kwenye hospitali moja walipata maambukizi ndani kabisa ya kiungo. Siyo kidonda cha juu kinachotoa majimaji ukakipaka dawa kikapona, hapana, ni ndani ya goti au bega lenyewe, na maambukizi ya pale kawaida yake ni mtu kurudi thieta akaoshwe kiungo na kukaa kwenye antibayotiki muda mrefu. Mdudu aliyeoteshwa maabara alikuwa mmoja, *Pseudomonas aeruginosa*.

Sasa mtu wa maabara akisikia *Pseudomonas* kwenye goti lililotobolewa kwa mpango anashtuka. Mdudu anayetegemewa pale ni *Staphylococcus*, yule anayekaa kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe. *Pseudomonas* ni mdudu wa majimaji, anakaa kwenye masinki, kwenye mabomba, kwenye ndoo iliyosahaulika na maji, anajijengea utando wake wa ute na anajificha humo. Mmoja tu ungesema bahati mbaya. Saba ndani ya wiki mbili na kitu, hiyo inanuka maji ya mahali fulani.

Wachunguzi wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakaitwa. Wakapitia mafaili, wakawalinganisha hao saba na wengine waliopasuliwa bila kupata shida, wakasimama kuangalia jinsi vifaa vinavyooshwa, wakachukua sampuli za mazingira kila kona. Sampuli 388. Kati ya hizo 62 zilitoa *Pseudomonas*. Wakapima alama za DNA za wale wadudu, na yule aliyetoka kwenye sinki la kuondolea uchafu mkubwa akafanana na yule wa wagonjwa.

Halafu wakafanya kitu ambacho mimi naona ndo moyo wa kisa kizima. Wakachukua vifaa vilivyokwisha kuoshwa na kupikwa, vile vilivyo tayari kwa mgonjwa anayefuata, wakapitisha kamera nyembamba ndani. Ndani ya kanyula na ndani ya mipini ya sheva kulikuwa na mabaki ya tishu za watu.

Maamuzi na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuwahesabu wale saba kama kundi moja. Mnaweza kuona ni kitu cha wazi lakini fikiria hospitali kubwa, mgonjwa anarudi na goti limevimba anapokelewa na daktari huyu, mwingine anapokelewa na yule, kila mmoja anamtibu wa kwake, hakuna anayekaa akapanga majina kwenye listi moja. Mdudu adimu ndo aliyewasaidia. Angekuwa *Staphylococcus* wa kawaida, nadhani wangechelewa sana kushtuka.

Wa pili ni kuchukua sampuli nyingi kiasi kile na kuzipima hadi DNA. Sababu yake ni hii, *Pseudomonas* ukimtafuta hospitalini utampata tu, kwa hiyo kumkuta kwenye sinki peke yake hakumaanishi chochote, lazima umwoneshe kwamba ni yule yule. Hizo 62 zingekuwa kelele tupu bila hicho kipimo.

Wa tatu, kuchungulia ndani ya kifaa kilicho safi. Kawaida tukitafuta kosa tunaangalia uchafu mahali penye uchafu, tunaenda kwenye masinki, tunakagua madela na glovu. Hawa wakashuku kitu chenye lebo ya sterile. Kuna wakubwa wangekataa pakiti isifunguliwe, wangesema imeshapita vipimo vyote hiyo.

Matokeo

Hitimisho lao liliandikwa kwa tahadhari na mimi napenda hivyo. Walisema mlipuko huenda ulitokana na vifaa kupata vimelea wakati wa kuoshwa, na kwamba tishu zilizobaki ndani zingeweza kuwapa bakteria nafasi ya kupona kwenye sterilaizesheni. Hawakusema tumethibitisha.

Julai 2009 FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, ikatoa tahadhari kwa hospitali zote. Imefikiwa na taarifa za tishu kubaki ndani ya sheva za maungio hata pale ambapo waoshaji waliamini wamefuata maelekezo ya kiwanda mpaka mwisho, na ikashauri watu wafikirie kukagua vijia vya ndani kwa kamera ya kipenyo cha milimita 3. Miaka ikapita, yakaja matatizo mengine ya endoskopu za njia ya nyongo zenye bakteria sugu, na Machi 2015 FDA ikatoa mwongozo mpya ambao unamtaka mtengenezaji aoneshe kwa vipimo kwamba kifaa chake kinaosheka kweli kwa njia aliyoiandika kwenye kitabu.

Uchambuzi: mvuke haukukosea

Watu wengi wakisikia kisa hiki wanakimbilia kusema otoklevu ilikuwa mbovu. *Pseudomonas* hana mbegu ngumu za kujihifadhi, ni bakteria laini, nyuzi 134 kwa dakika 3 hawezi kustahimili hata kidogo kama mvuke umemgusa. Kwa hiyo ama mvuke haukumgusa, ama aliingia baadaye, na wachunguzi walielemea upande wa kwanza. Ni sawa na kuchemsha chupa ya maziwa ya mtoto bila kuisugua, yale maziwa yaliyoganda shingoni yanaiva tu na kushika zaidi, na kilicho chini yake hujui kimepata moto kiasi gani.

Kinachotokea kwenye chuma ni kwamba damu na tishu zikikauka zinashikamana, zikipata joto protini inaganda, na ndani ya kijia chembamba hewa nayo inanaswa, mvuke haupiti. Sasa angalia vipimo vyetu. Tepu ya nje inakwambia pakiti imepata joto. Kipimo cha vijidudu, ile chupa ndogo ya *Geobacillus stearothermophilus*, kinakwambia mzunguko wa mashine umeua mbegu ngumu zilizokuwa ndani ya hiyo chupa. Hakuna hata kimoja kilichokaa ndani ya mpini wa sheva chini ya kipande cha gegedu! Vyote vinapima mashine, siyo ndani ya mpini. Hii ndo sababu hospitali inaweza kuwa na mafaili yenye tiki zote na bado mgonjwa akapata usaha kwenye goti.

Kuna mwanya mmoja kwenye ushahidi na lazima niuseme. Tishu ilionekana, bakteria wa sinki alifanana na wa wagonjwa, lakini kati ya hivyo viwili hakuna aliyemwona bakteria yuko hai ndani ya ile tishu, kwenye mpini uliotumika kwa mgonjwa fulani. Kamera ya kuchungulia inaona nyama. Haioni kilichomo ndani ya nyama. Hapo ndo hadubini zingeingia.

Hadubini zinaona nini, na zinakwama wapi

Jicho la binadamu bila msaada linaishia kwenye kitu cha kama sehemu ya kumi ya milimita. *Pseudomonas* ana urefu wa maikroni 2 hivi, maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, ina maana unaweza kuwapanga hamsini kwenye nukta ndogo kuliko zote unazoweza kuziona. Lenzi ya kukuzia mara kumi inasaidia sana kwenye meno ya koleo na kwenye maungio ya mikasi, na kama hamna kitu kingine nunueni hiyo, lakini bado unaona madoa tu.

Hadubini ya kawaida ya maabara, ile tunayotafutia malaria, haifai hapa. Inapitisha mwanga kutoka chini kupitia kioo, na chuma hakipitishi mwanga. Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kikundi cha Profesa Bill Keevil kiliifanyia kazi aina nyingine, kifupisho chake ni EDIC. Mwanga unatoka juu, unagawanywa sehemu mbili zilizokaribiana mno, unagonga uso wa chuma na kurudi, na pale ambapo kuna mwinuko au shimo, hata dogo sana, miale miwili inarudi imetofautiana na wewe unaona kama kivuli, uso wote unajitokeza kama milima na mabonde. Lenzi yake inakaa mbali na kifaa, haihitaji mafuta wala kioo cha kufunikia, kwa hiyo unaweza kuweka mkasi mzima chini yake ukausogeza na ukaangalia bila kuukata wala kuugusa.

Kisha wanaongeza rangi inayong'aa. Kuna moja inaitwa SYPRO Ruby, inashika protini, ukiimulika inawaka nyekundu ya machungwa. Yani unaangalia kwanza umbo la uso kwa EDIC, unaona kitu kimekaa kwenye mkwaruzo, hujui ni uchafu au ni chuma chenyewe kimechakaa, unabadilisha mwanga na pale pale ulipo, kikiwaka ni protini, kisipowaka endelea. Waliilinganisha njia hii na ukaguzi wa macho kwenye vifaa vilivyokwisha pita idara za usafishaji za hospitali, na hadubini ikaonesha uchafu ambao macho yaliupitisha.

Kilichowasukuma Waingereza ni ugonjwa wa ng'ombe wenye kichaa. Mwaka 1996 walitangaza aina mpya ya ugonjwa wa ubongo kwa binadamu uliohusishwa na nyama ya ng'ombe hao, na kinachouambukiza ni prioni, protini iliyojikunja vibaya, haina DNA, inapenda kung'ang'ania chuma cha pua na mzunguko wa kawaida wa otoklevu hauimalizi kwa uhakika. Hofu hiyo ilikuwa na mfano tayari, Uswisi mwaka 1977 iliripotiwa kwamba wagonjwa wawili vijana walipata ugonjwa wa aina hiyo ya zamani kupitia elektrodi za ubongo zilizowahi kutumika kwa mtu mwenye ugonjwa huo, na zilikuwa zimesafishwa kwa spiriti na mvuke wa formaldehaidi. Formaldehaidi inagandisha protini! Ni kama waliibandika vizuri zaidi. Leo mwongozo wa Uingereza unataka protini inayobaki kwenye uso wa kifaa isizidi maikrogramu 5 kwa kila upande, na kiwango hicho hakuna jicho linaloweza kukihakiki.

Kuna pia hadubini ya elektroni. Hiyo inakuza mpaka unaona bakteria mmoja mmoja na ute wake, na ikifungwa kifaa cha kusoma elementi inakwambia kama doa la kahawia ni kutu au ni damu iliyoiva, kitu ambacho watu wa CSSD, idara ya kusafisha na kuua vimelea kwenye vifaa, wanabishana kila siku. Kwa njia hiyo watafiti wa Australia waliangalia vipande vya samani na vifaa vilivyokatwa kutoka ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, baada ya usafi mkubwa kufanyika, na 41 kati ya 44 vilikuwa na utando wa bakteria, mkavu, juu ya vitu vilivyoonekana visafi.

Turudi Texas na hizi mashine zote mkononi. Zingesaidia? Kwa sehemu. EDIC ni nzuri kwa uso wa nje, lakini lenzi haiingii ndani ya tundu la mpini, na ya elektroni ndo kabisa, kifaa kinaingia kwenye chemba isiyo na hewa na kama ni kikubwa lazima ukikate. Ili uone ndani ya sheva kwa hadubini ingebidi uupasue mpini katikati, na mpini uliopasuliwa haurudi thieta. Uchunguzi wa mlipuko unaweza kugharamia mpini mmoja au miwili, na kwa maoni yangu ingelipa, wangejua kama chini ya ile tishu kulikuwa na utando wa *Pseudomonas* au nyama tu iliyokufa. Kwa kazi ya kila siku haiwezekani. Kamera ya milimita 3, pamoja na udhaifu wake wote, ilishinda mashine za bei kubwa kwa sababu moja, ilifika mahali uchafu ulipo.

Kwa hiyo mimi naziona hadubini kama kipimo cha njia ya kuosha. Unachukua vifaa vichache kila baada ya muda, unaviangalia kwa kina, ukikuta meno ya koleo yanabaki na protini kila mara unarudi kubadilisha brashi au sabuni au muda wa kulowesha, halafu unaangalia tena. Anayedhani atakagua kila mkasi kwa EDIC kabla ya oparesheni hajawahi kuona foleni ya asubuhi.

Kuhusu brashi, sinki na jiki

Kitu kidogo lakini kimenikaa. Sinki ambalo kifaa kinapita kwanza ndo lilikuwa na mdudu. Yani hatua ya kwanza ya usafi ilikuwa inaongeza vimelea kwenye kifaa, na tegemeo lote likawa kwenye hatua za mbele. Ukiwa na sinki lisilokauka kamwe, brashi ile ile inayolala humo usiku, kila mpini unaopita unaondoka na vimelea vyake. Brashi zikaushwe, zichemshwe au zitupwe, na sinki lioshwe lenyewe kila shifti kama kifaa kingine chochote.

Huku kwetu kuna hili la jiki. Wengi tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuosha, na bango lake bado liko ukutani sehemu nyingi. WHO tangu 2016 inasema usilowekee kwenye klorini wala dawa nyingine ya kuua vimelea kabla ya kuosha. Damu inaidhoofisha dawa, na klorini inakula chuma. Weka koleo la miaka kadhaa ya jiki chini ya hadubini ya mwanga wa juu na utaelewa haraka, uso umejaa vishimo, na kila kishimo ni mahali protini itakaa ambapo brashi haifiki. Kinachotakiwa ni kifaa kisikaukie damu, kifunikwe kwa taulo yenye unyevu au povu la enzaimu, kisafirishwe, kioshwe mapema. Kisikae usiku kucha ndooni, maana hapo unamwandalia *Pseudomonas* makazi.

Hadubini za Southampton hatuna na sitawadanganya kwamba zinakuja kesho. Kamera nyembamba za kuchungulia zinazochomekwa kwenye simu au kompyuta zipo, na hospitali yenye sheva za maungio, ambazo bei yake mnaijua, haina sababu ya kukosa kamera moja. Kingine ni vijiti vya kupima mabaki ya protini vinavyogeuka rangi, si vikali kama rangi inayong'aa, vinapitwa na mengi, ila unaweza kupitisha kwenye tundu la sakisheni na ukapata jibu shifti hiyo hiyo.

Tatizo linaanza baada ya kuona. Mpini uliokutwa na tishu, ukaoshwa upya, ukachunguliwa tena na bado una tishu, unatakiwa kutoka kwenye mzunguko siku hiyo hiyo, na wa kuutoa ni yule aliyeshika kamera. Hospitali nyingi ninazozijua mtu wa CSSD hana hayo mamlaka. Anaandika kwenye daftari, anampigia dada mkuu, dada mkuu anasema ngoja nimuulize daktari, daktari ana wagonjwa wanne kwenye listi na sheva ni moja.